Nyumba Nyeupe Kando ya Mahindi

Juzi, kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Biashara Street, nilikiona tena kile kitabu cha watoto tulichokuwa nacho utotoni, kuhusu mji mdogo wa mashambani huko Marekani.

Siku hizo mama alikuwa akitufungia kwa kufuli la nje, mimi na mdogo wangu Baraka, ghorofa ya tatu mtaani Ganjoni, hadi atoke kazini bandarini. Alasiri moja harufu ya viazi karai ilipanda kutoka barabarani, nasi tulishika nondo za dirisha tukiwasikia wenzetu wakikimbizana uani. Tukarudi kwenye kile kitabu. Kiingereza kilitushinda, tukasoma picha: barabara moja, kanisa, mahindi mpaka upeo wa macho, na milango iliyoachwa wazi. Nikajua hapo ndipo bara, kwetu, kwa nyanya, ambako kila Desemba mama alisema tutaenda, na kila Desemba tukabaki.

Kufuli lilipolia nikamkimbilia na kitabu mkononi. "Mama, nyumba ya nyanya ni ipi?"

Alikitazama kitabu kwa muda mrefu, mkoba ungali begani. Kisha akaweka kidole kwenye nyumba nyeupe.

"Ni hii, mwanangu."

Nilifika bara mara ya kwanza siku tuliyomzika nyanya. Nilikuwa mtu mzima, nimeshajua kile kitabu kilikuwa cha wapi, lakini macho yangu yaliitafuta ile nyumba nyeupe.