Manowari Iliyotafutwa Mwika

Kahawa mbivu ikishamenywa, maganda yake hurundikwa pembeni mwa shamba yaoze, na harufu yake, chachu na tamu kwa pamoja, hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Kwa wengi waliokulia miteremko ya Kilimanjaro, hiyo ni harufu ya msimu wa fedha na nguo mpya za Krismasi. Kwangu ni harufu ya manowari. Nikiipata popote, namwona baba yangu amekaa kwenye kigoda nje ya jiko la Bibi huko Mwika, suruali yake ya ualimu imejaa matope, akimuuliza mama yake kwa mara nyingine tena ile meli ya vita ya matanga ilikuwa na milingoti mingapi. Bibi anaendelea kukatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Mimi nimekaa juu ya gunia tupu, nina njaa, na ninamchukia kila mtu aliyewahi kupanda meli.

Tulikuwa tukiishi Njoro, mjini Moshi, na Baba alifundisha historia katika shule ya sekondari. Mwaka huo babu yangu alifariki, na kabla hata kaburi halijajengewa, jirani yetu wa Mwika, Aminieli, ambaye tangu nizaliwe nilimwita Baba Mkubwa, akaanza kudai sehemu ya chini ya kihamba chetu, ile inayofika mferejini. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba juu, kahawa chini yake, na makaburi ya wenyewe katikati. Asiye wa ukoo hana kihamba. Dai la Baba Mkubwa lilikuwa kwamba Ndekirwa, babu yake Baba, hakuzaliwa pale. Alipanda mlimani na misafara ya pwani, akahurumiwa, akapewa pa kulala, akaitwa ndugu kwa heshima tu. Sisi basi tulikuwa wageni waliokaa sana.

Nyumbani kwetu tulisimuliwa tofauti. Ndekirwa alizaliwa pale pale Mwika, akatekwa akiwa mtoto alipoteremka tambarare kukata majani, akauzwa mkono kwa mkono hadi pwani na kupakiwa chomboni na watumwa wengine. Manowari ya Wazungu iliyokuwa ikizuia biashara hiyo ikakikamata chombo kile. Mtoto akakaa melini akisaidia jikoni, akaja kushushwa, na akarudi kwao akiwa kijana mwenye ndevu. Baadaye akasikia kwamba manowari ile ilipotelea baharini na mabaharia wake wote. "Meli gani?" Baba Mkubwa alimwuliza kila aliyepita njia. "Iko wapi? Nionyesheni!" Wazee wa ukoo wakapanga kulisikiliza jambo hilo baada ya Krismasi, walio mijini wakiwa wamerudi nyumbani. Mtu mwingine angetafuta wakili. Baba yangu akaanza kutafuta meli.

Alianza na Bibi, ambaye aliolewa pale wakati Ndekirwa bado hai na kuisikia hadithi kutoka kinywani mwake. Tatizo ni kwamba Bibi aliisikia kama sisi tunavyosikia habari za wagonjwa wa watu wengine. Jumamosi moja meli ilikuwa na milingoti mitatu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa na mmoja na bomba la moshi. Jina lake alilitamka kila mara tofauti, na siku moja likafanana sana na jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baba alichora meli ardhini kwa kijiti, akaweka matanga, akaweka mizinga ubavuni. "Mama, tazama vizuri. Ilikuwa hivi?" Bibi alitazama, akakanyaga katikati ya meli akienda kuchota maji. "Baba Aika," alisema, akimwita kwa jina langu, "mimi bahari sijaiona hata kwenye kalenda. Ng'ombe hawajala."

Maktaba mjini haikuwa na msaada. Tulikaa humo mchana kutwa, Baba akifunua vitabu vya volkano, vya kilimo cha kahawa, vya maisha ya ng'e, kwa matumaini kwamba labda kuna aliyeitaja manowari katikati. Mtu mmoja akamwambia kwamba huko Mkuu, wilayani Rombo, kuna mzee aliyewahi kuwa baharia. Tukaenda. Mzee alitupokea vizuri, nikasema shikamoo, mkewe akatupakulia mtori wa ndizi, na Baba akaanza kumwuliza namna ya kupunguza matanga katika dhoruba, akitaka kujua meli kubwa vile inapoteaje bila mtu hata mmoja kuokoka. Mzee alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba yeye alifanya kazi kwenye kivuko cha ziwani, chumba cha injini, na matanga alikuwa hajawahi kuyagusa. Badala ya kuaga tukaondoka, Baba akamwuliza kuhusu injini. Tulikosa gari la kurudi.

Kilichomwumiza hasa kilitoka kwa rafiki yake aliyekuwa akisoma Ulaya, ambaye Baba alimwomba aulizie huko. Alikuja likizo, akafika Njoro na habari kwamba kweli iko manowari ya matanga iliyotoweka na watu wote, isijulikane ilipozama. Baba alisimama, akamkumbatia. "Imepotea! Unaona? Ndiyo maana hatuipati!" Rafiki yake alisubiri atulie, kisha akamalizia: meli hiyo haikuwahi kufika upande wetu wa dunia. Baba hakula siku ile. Mama yangu, aliyekuwa amenyamaza msimu mzima, akamwambia, "Basi iache." Akajibu kwamba akiiacha, amemwacha babu yake melini. Nilikuwa mtoto, lakini niliona macho yake, na kwa mara ya kwanza sikutamani kucheka.

Siku ya kikao walikaa kwenye viti vya kuazima chini ya migomba, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka kwa kata moja. Baba Mkubwa alisema yake kwa ufupi. Baba akasimama, akafundisha. Sina neno jingine la kueleza alichofanya. Alifundisha biashara ya utumwa, akafundisha pepo za bahari, akakiri kwamba jina la meli hajalipata, akaingia kwenye mizinga. Wazee wawili walisinzia. Bibi aliziba uso kwa kanga. Nilitaka ardhi inimeze. Alipofika kwenye milingoti, akasema kwa sauti ya darasani kwamba kwa vyovyote ilikuwa mitatu, na hapo Baba Mkubwa, aliyekuwa akitikisa mguu kwa hasira muda wote, akaruka kitini.

"Miwili!" alifoka. "Acha kuwadanganya watu! Babu yangu aliambiwa na kaka yake mwenyewe siku ile aliporudi, wamekaa hapo kwa mama yao, mama yao analia hawezi hata kusonga ugali, akamwambia miwili! Unatuchosha, Mwalimu!"

Mzee aliyeongoza kikao akaweka kata chini polepole. "Aminieli," alisema, "mama yao nani?"

Baba Mkubwa akatazama mferejini. Mzee hakumhimiza. Alisema tu kwamba mtu na kaka yake waliozaliwa na mama mmoja wana kihamba kimoja, na kwamba shauri limekwisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimtazama Baba nione akifurahi. Alikuwa ameshavuka uwanja, amemshika Baba Mkubwa mkono kwa nguvu. "Miwili? Ndugu yangu, una hakika? Na bomba je, alisema kuna bomba?" Baba Mkubwa akajaribu kujinasua, akashindwa, akakaa. "Hakusema bomba," alijibu kwa uchungu.

Tangu siku hiyo walibishana kuhusu meli ile kila walipokutana, misibani, kipaimara, nje ya kanisa, kwa sauti zilizotuaibisha sote, hadi Baba Mkubwa alipofariki mwaka jana. Mpaka haukuguswa tena. Leo ukoo una kundi la kwenye simu. Likitokea neno la shamba, mtu haruki kitini. Anatoka kwenye kundi kimya kimya, na Krismasi haji. Hatujui ana nini moyoni, maana hakuna aliyemchosha mpaka akasema.

Juzi nilikaa na simu yangu mchana mmoja nikapata manowari kadhaa za matanga ambazo zingeweza kuwa yenyewe, picha na kila kitu, kazi ambayo ingemchukua Baba miaka. Nikapanda nazo Mwika, alikohamia baada ya kustaafu, nikifikiri atanibusu. Akavaa miwani, akazitazama moja moja, akanirudishia simu. "Angekuwepo Aminieli," alisema, "angesema zote siyo." Kisha akanyamaza. Na mimi, niliyeomba utoto wangu mzima anyamaze kuhusu meli, sikujua niseme nini ili aendelee.