Siku Tuliyosukuma Pikapu ya Baba

Enzi zetu kule Kibera, gari halikuwa la mtu mmoja. Wewe uliyekulia huko miaka ya tisini unanielewa: jirani akinunua redio, ploti nzima inasikiliza taarifa ya habari; akinunua gari, hata watoto ambao hawajui jina lake wanasema "gari letu". Nikiwasimulia watoto wangu haya, wananitazama kwa huruma kisha wanarudi kwenye simu zao.

Baba alikuwa seremala. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, pale Kibera inapopakana na mtaa wa Olympic, na wateja wake wengi walikuwa Kawangware. Vitanda alivipeleka kwa mkokoteni. Nakumbuka kitanda cha bibi harusi mmoja kilivyoanguka kwenye matope, na baba akakipangusa kwa shati lake mwenyewe. Kwa hiyo alipoamua kununua gari, hatukushangaa. Tulichoshangaa ni gari alilochagua. Kawangware kulikuwa na magari mawili yakiuzwa. Moja lilikuwa dogo, jeupe, la petroli, na mama alikuwa amekwisha kujiona ndani yake akienda kanisani. Jingine lilikuwa pikapu ya dizeli, bluu iliyochujuka, yenye moshi mweusi na mngurumo wa posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi. Baba akachukua pikapu. Alisema dizeli ni bei nafuu na injini yake haiogopi mzigo. Mama alinuna wiki nzima, maana kwake dizeli ilikuwa chakula cha malori.

Basi tukajifunza kuilea. Fundi wa Kawangware alimpa baba masharti, na baba akatuhubiria sisi. Ufunguo unazungushwa nusu, unangoja taa ndogo ya rangi ya chungwa izime, ndipo unawasha. Asubuhi za baridi ya Julai tulikaa tukiikodolea macho ile taa huku chai yetu ikipoa. Tangi haliachwi likauke, kwa sababu hewa ikiingia utapampu kwa mkono hadi bega liume. Kila Jumamosi baba alilegeza skrubu chini ya filta ili maji yaliyojificha kwenye mafuta yatoke, nami nikayakinga kwa chupa ya jemu. Alinifundisha pia kutambua mafuta kwa vidole: dizeli hubaki ikiteleza, petroli hukauka kabla hujamaliza kuisugua.

"Dizeli ndio inalainisha pampu ya injini," alizoea kusema. "Petroli itaikwaruza yote. Na pampu ikikufa, tumerudi kwa mkokoteni."

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na niliogopa petroli kuliko mbwa wa Olympic.

Kisha ikafika Jumapili ya kuliosha gari. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa: watu huja "kuosha" gari jipya, na hakuna hata mmoja anayebeba maji. Wanakunywa soda, wanakula chapati za mama, wanaomba na kuimba. Kwaya yote ilikuja. Mgeni tuliyemngoja zaidi alikuwa mjomba wake baba, ambaye baba alimwita "Nera", yaani mjomba wangu kwa Kijaluo. Baba alipofika Nairobi kutoka ziwani akiwa kijana, mzee huyu ndiye aliyemlaza kwenye chumba chake kimoja huko Kawangware, akamlisha, akamtafutia mahali pa kujifunza useremala. Siku hiyo alikuja kwa miguu, amevaa suti ya kijivu, jerikeni begani, kwa sababu makanga wa matatu walikataa kumbeba na mafuta. Baba alikuwa ndani ya kibanda akibadilisha shati. Mzee akafungua kifuniko cha tangi mbele ya watu wote, akamimina jerikeni nzima.

"Leo hii gari isikule chakula ya lori!" akatangaza. "Nimeiletea ile ya wakubwa."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi, na tone moja likanirukia kidoleni. Nikalisugua. Likakauka papo hapo.

Baba akatoka. "Baba, hiyo ni pet..." nikaanza, lakini mkono wake ukatua begani mwangu, mzito. Alikuwa ameshasikia harufu. Mzee alikuwa anatabasamu, jasho limelowesha kola yake, na watu wanaitikia, "Washa! Washa tusikie!" Injini ikizungushwa, petroli inaingia kwenye pampu, na kazi ya baba inaishia hapo. Akisema ukweli, mzee aliyemfanya kuwa mtu anageuka kichekesho mbele ya kwaya nzima. Nilimwona baba akiutupia jicho ufunguo uliokuwa umeachwa garini, nikamwonea huruma.

"Nera," akasema, "gari mpya haiwashwi siku ya baraka. Inasukumwa na watu wake."

"Hiyo ni desturi ya wapi? Mimi nimezeeka na sijaisikia."

"Ni ya hapa Nairobi, Nera. Wewe ndio utakaa kwa usukani."

Mzee akafikiri kidogo, akavua koti, akapanda. Tukasukuma! Kina mama wakavua viatu vya kisigino, kwaya ikaimba, watoto tukajipanga nyuma. Mzee akawa anapiga honi kwa kila shimo. Baba alitembea kando ya dirisha bila kuondoa jicho kwenye ufunguo. Tulienda hadi kona ya Olympic na kurudi, na sijawahi kucheka vile tena.

Jumatatu fundi akaja kumwaga tangi na kulisafisha. Mama akauliza kwa nini hakusema tu ukweli. "Tangi inamwagwa," baba akajibu. "Na mzee ningemwambia nini?" Pikapu ilitubebea vitanda miaka mingi, na mzee wetu, hadi anafariki, aliwaambia watu kwamba ni ile petroli yake ya kwanza iliyoipa nguvu. Hakuna aliyembishia. Nayo desturi ya kusukuma ilishika mtaani. Mwuza nyama aliponunua gari, alisukumwa kabla hajaugusa ufunguo.

Vijana wa leo gari lao linaongea na simu, lakini waulize linakunywa nini. Mwaka jana nami nilinunua langu la kwanza la dizeli. Nilipolifikisha nyumbani, mlinzi alinifungulia geti, nikaegesha, nikapanda lifti na jirani ambaye simjui jina. "Sasa," akanisalimu, macho kwenye simu. Hakuna aliyekuja kuosha. Injini ni nzima, tangi lina dizeli tupu, na kifuniko chake kina kufuli. Nilikaa jikoni nikitamani mtu mmoja tu anipende kiasi cha kuja kuniharibia mafuta.