Kidole Ndani ya Injini

Jirani yangu husaga silinda hedi, kile kichwa cha injini ya gari, uani kwake hapa Bidiya, ukingoni mwa jangwa, juu ya meza ya cherehani ya mkewe, akipanua matundu yake ili injini ivute hewa zaidi. Kila baada ya muda huzima mashine, hufumba macho, na kupitisha kidole cha shahada tunduni, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Macho, husema, ni waongo. Vumbi la aluminiamu limemjaa ndevuni hata hujui mvi ni zipi.

Juzi Musallam, ambaye Ijumaa atashindana kupandisha gari lake kilima cha mchanga, alimganda tangu asubuhi, hedi ya gari hilo ikiwa mezani.

“Ami, saga tena kidogo. Kidogo tu! Wale madereva wa Ibra watanicheka.”

“Kunywa kahawa.”

“Nimeshakunywa vikombe sita, ami!”

Mzee alizima mashine. Akamshika mkono hadi mlangoni, kwenye ile hedi kuukuu aliyoijaza udongo na kuotesha mrehani, akaiinua upande na kukiingiza kidole cha Musallam kwenye tundu moja.

“Umegusa nini?”

“Kuna kitobo. Kimetokea kwenye njia ya maji ya kupoza injini.” Sauti ikamshuka. “Hedi ya nani hii, ami?”

“Ya gari langu. Siku mbili kabla ya mashindano nilijiambia, kidogo tu.” Akaishusha polepole, akashindilia udongo kwa vidole vilevile. “Aliyefaidika ni huyu mrehani.”

Musallam akarudi mkekani, akaomba kikombe cha saba.