Harusi ya Jumamosi, Mapendo

Gauni la harusi la binti wa dada yangu nililishona mwenyewe, Kampala, kwenye kibanda changu cha ushonaji, kwa vipimo alivyonitumia kwa simu. Nilipofika Goma na yeye akalivaa mbele yangu, lilimpwaya mabegani na kiunoni.

"Vipimo ulivyonipa ni vya nani?" nikamwuliza.

Akacheka huku ameshika kitambaa kilichozidi. "Ni vyangu, mama mudogo. Ila ni vya mbele ya vita, wakati tulikuwa tunakula muzuri."

Nikatoa pini mkobani nikaanza kupunguza. Mama yake, dada yangu mkubwa, alikuwa amekaa kitandani akitutazama. Sisi wawili ni watu wa upande wa Bukavu. Yeye aliolewa Goma na karani wa benki, mimi maisha yakanipeleka Uganda. Miaka mingi tulionana kwa simu tu. Wakati wa mapigano hata simu zilikatika, na zilipofunguka sauti yake ilikuwa imezeeka. Basi shemeji alipoanza kuniambia kwamba mji unaamka, kwamba watu wanajenga, kwamba hata binti yao amepata mchumba, nilifunga mizigo. Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo lolote linaloamka.

Shemeji ndiye aliyenipokea mpakani siku ya Jumatano. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, limechomekwa vizuri, kama mtu aendaye kazini, ingawa benki yake ilikuwa imefungwa tangu waasi wautwae mji na kuwa wakubwa wake. Alinitembeza kama mtu anayeonyesha mgeni nyumba yake mwenyewe.

"Angalia pale, shemeji. Paa yote mupya. Na ule muzee pale amejenga upya duka yake, ilikuwa imebaki ukuta tu."

Ilikuwa kweli. Chukudu, zile baiskeli za mbao, zilipita zimebeba mbao na mifuko ya saruji, vijana wakizisukuma kwenye mwinuko. Nyundo zilisikika kila mahali. Kuta zilizotobolewa na risasi zilikuwa zimezibwa, lakini saruji mpya haikufanana na ya zamani, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na madoa kama mtu aliyepona ndui. Milango ya maduka ilipakwa rangi ya buluu na kijani. Nilijitahidi kufurahi.

Tulipopita Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi, shemeji alishusha sauti akakaza mwendo. Mbele kidogo tukaona benki moja, lango limefungwa kwa mnyororo wenye kutu.

"Na hii?" nikauliza.

"Hii itafunguka," akasema. "Kila kitu na wakati yake."

Nje ya mji, kule nilikoambiwa kwamba zamani mahema ya wakimbizi yalijaa hadi jicho linapoishia, hakukuwa na kitu. Ni mawe meusi ya volkano, vipande vya plastiki, na viatu vya watoto visivyo na wenzake. Niliuliza watu wameenda wapi. Shemeji alisema waliambiwa warudi vijijini kwao. Niliuliza kama vijiji bado vipo. Akanionyesha mtu anayeotesha kabichi kando ya barabara.

Kuna mambo ambayo hakunionyesha, nikayaona mwenyewe. Wanaume vijana walitembea karibu na kuta, haraka, bila kusimama kuzungumza. Sokoni, akina mama waliuza sufuria na vitanda vyao vya nyumbani pamoja na nyanya. Na kila mahali palikuwa pamefagiwa. Sijawahi kuona mji uliofagiwa namna ile. Nilimwambia dada yangu kwamba usafi umenishangaza. Akasema, "Mutu akikosa kazi, anafagia."

Bwana harusi alikuja Alhamisi mchana. Alikuwa kijana wa Masisi, mrefu, mpole, anayekaa na mama yake katika mtaa wa Katoyi. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango ya chuma, na katika mji ambao nusu ya milango ilivunjwa na waporaji, kazi haikumwishia. Alifika amebeba mlango mzima begani, peke yake, kutoka Katoyi hadi Mapendo, mtaa wa dada yangu. Ulikuwa zawadi kwa wakwe zake, kwa sababu wa kwao uliibwa siku za vurugu na tangu hapo walikuwa wakilala nyuma ya mabati yaliyofungwa kwa waya.

Alipouweka chini na kunisalimia kwa mikono miwili, niliona vidole vyake vimejaa alama ndogo za moto. Shati lilikuwa limechanika begani, na ngozi ya pale ilikuwa ngumu, nyeusi, kama nyayo.

"Utaharibika bega, mwanangu," nikamwambia.

"Limezoea, mama. Milango yote ya huku mimi ndio ninaibeba."

Alifanya kazi hadi jioni. Binti wa dada yangu alimshikia misumari na maji ya kunywa, na hawakuzungumza sana, lakini kila kijana alipoinama kuchukua kitu alikuta binti tayari ameshakishika. Mlango ulipofunga sawasawa kwa mara ya kwanza, dada yangu aliufungua na kuufunga tena na tena, akaenda jikoni akalia. Siku ile, nakiri, nilimwamini shemeji. Nilisema moyoni kwamba labda mji huu kweli unainuka.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wanawake wengi uani. Sufuria kubwa za sombe, yaani kisamvu, na za maharagwe zilikuwa juu ya makaa, mbuzi alikuwa ameshakatwakatwa, na viti vya plastiki vya kukodi vilipangwa chini ya turubai. Bibi harusi alikuwa tayari amevaa. Gauni lilimkaa vizuri sasa. Jirani mmoja alikuwa anamfunga maua ya kitambaa kichwani, ndipo mlango ule mpya uliposukumwa.

Aliingia mama wa bwana harusi, amevaa kitenge cha harusi kilekile tulichokubaliana sote, lakini mguu mmoja ulikuwa peku na kilemba kimefunguka. Alikuwa mama mwenye kusema Kinyarwanda, mtaratibu, mwenye kupima maneno. Sasa alisimama katikati ya ua akisema, "Mana yanjye, Mana yanjye," akimwita Mungu wake kwa lugha yake, na hakuweza kuendelea.

Dada yangu alimshika mikono. "Mama, sema. Kuna nini?"

"Basoda bamefunga Katoyi yote. Tangu mapema. Wanaume wote bametolewa mu manyumba. Bamebeba mutoto wangu."

"Bamemubeba juu ya nini? Hakuonyesha karte ya kitambulisho?"

"Karte yake ilibakia Masisi, mu nyumba yenye iliungua. Alibaambia, leo ni arusi yangu. Bakamwambia avue shati. Bakaona bega. Bakasema, hii ni bega ya mutu mwenye kubeba bunduki."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini taratibu kana kwamba kikivunjika ndipo itakuwa kweli. Bibi harusi hakulia. Aliuliza tu, "Wako wapi sasa?"

"Ku kiwanja cha mupira."

Shemeji alikuwa ameshavaa suti. Alitoka nayo hivyohivyo, nami nikamfuata. Wanawake walimkatalia binti kwenda, na mama yake akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.

Kiwanjani kulikuwa na akina mama wengi wamesimama nyuma ya kamba. Upande wa pili, juu ya ardhi nyeusi, wanaume walikaa chini kwa mistari, bila mashati, vichwa vimeinama. Walikuwa wengi mno. Injini za malori zilikuwa zimewashwa. Shemeji alimwendea mlinzi mmoja, kijana ambaye ndevu hazijamtoka sawasawa.

"Papa, rudi nyuma."

"Tunamutafuta bwana arusi," akasema shemeji kwa sauti ile ya benki, ya adabu. "Arusi ni leo. Padri anatungojea. Mimi ni baba wa bibi arusi, uone nguo zangu."

Mlinzi alimtazama suti, kisha akanitazama mimi. Hakuwa mkali. Nadhani ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Papa, kila mutu huyu unaona pale alikuwa na kitu ya kufanya leo."

Nilimwona mimi kwanza. Alikuwa kwenye mstari unaosimamishwa kuelekea lori la pili, kifua wazi, na suruali ya suti ya harusi aliyokuwa ameshaivaa. Nikapaza sauti bila kufikiri. Aligeuka. Uso wake haukuwa na hofu bado, ulikuwa na haraka, kama wa mtu aliyechelewa.

"Papa!" akamwita shemeji. "Musemeshe padri atungojee! Tutamaliza hapa sasa hivi!"

Mtu alimsukuma mgongoni akapanda. Malori yakaondoka kwa kufuatana, na akina mama wakayakimbilia mpaka vumbi likawazuia.

Shemeji alifanya kama alivyoagizwa. Alienda kanisani, akamwambia padri angoje. Na padri alingoja. Alifungisha ndoa ya watu wengine waliokuwa na zamu baada yetu, akarudi kukaa kwenye benchi la mbele, bado amevaa mavazi ya misa. Kwaya ilikaa pamoja naye, kisha mmoja mmoja wakaaga. Mwishowe padri alimshika shemeji bega, akasema tuombe. Shemeji alisema hawezi.

Nyumbani wageni walikuwa wameanza kufika, kwa kuwa habari haikuwafikia wote. Walikuja wamependeza, na zawadi zao za sahani na vitenge, wakikuta kimya. Hakuna aliyejua aondoke au akae. Hapo ndipo binti aliingia chumbani, akafunga mlango, akatoka amevaa kitenge cha kazi.

"Mama, chakula kitaharibika," akasema. "Tupakulie watu."

"Mwanangu, acha."

"Watu wana njaa, mama. Uone tu vile wanaangalia sufuria."

Alipakua mwenyewe. Nilimsaidia kubeba sahani, kwa sababu nisingeweza kukaa. Watu walikula kimya, macho chini, na walikula sana. Wengine walikuwa hawajaonja nyama kwa muda mrefu, na niliwaona wanavyoona aibu kwa kufurahia utamu wake. Mama wa bwana harusi alipewa sahani akaishika mapajani hadi ikapoa. Mwenye viti alikuja kuvichukua kabla jua halijashuka, kwa kuwa Jumapili vilihitajika kwenye harusi nyingine.

Siku zilizofuata tulizunguka. Sisi wanawake wanne, mama wa bwana harusi, dada yangu, binti na mimi, kila asubuhi tulienda kusimama mbele ya malango ya kambi na jela. Kila lango lilikuwa na mtu wake na jibu lake. Hayuko hapa. Mwende pale. Mungoje wiki ijayo. Baadhi ya wanaume wa Katoyi walirudishwa, vichwa vimenyolewa. Mmoja alikuwa jirani wa bwana harusi. Tulimkuta amekaa kitandani, mkewe anamlisha uji.

"Ulimwona?" binti akamwuliza.

"Nilimwona. Balitutenganisha. Wenye kuwa na nguvu balipanda lori ingine, njia ya Rutshuru, ku kambi yao."

"Kwenda kufanya nini?"

Yule mtu alitazama ukuta. Mkewe alituomba kwa macho tuondoke, tukaondoka.

Shemeji aliacha kuchomeka shati. Alikaa uani, siku nzima, na nyundo za majirani zikiendelea kugonga pande zote. Siku moja nilimletea chai, akaniambia bila kunitazama, "Kaka yangu alikuwa amekimbilia Kisangani na watoto wake. Mimi ndiye nilimwita. Nilimwambia, rudi, Goma imekuwa muzuri. Ana vijana watatu."

"Mwambie wasije," nikasema.

"Bako njiani."

Niliondoka baada ya hapo, kwa kuwa kibanda changu Kampala kilikuwa kimefungwa muda mrefu na wateja walikuwa wakilalamika. Nilimwomba binti twende wote, angalau kwa miezi michache, ajifunze kushona. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Akirudi akute niko Kampala, atafikiri nini, mama mudogo?"

Wiki hiyohiyo alihamia Katoyi kwa mama mkwe wake, bila ndoa, bila sherehe, amebeba godoro na jiko la makaa. Watu walinong'ona kidogo, kisha wakaacha. Wawili hao wanauza sambaza, dagaa wa ziwani, pamoja kandokando ya barabara. Karakana ya bwana harusi imechukuliwa na fundi mwingine, na naambiwa ana kazi nyingi, kwa kuwa ujenzi haujasimama.

Ninampigia binti simu kila Jumapili baada ya misa. Mwezi uliopita aliniambia kwamba mama mkwe alikwenda parokiani kuomba misa kwa ajili ya mwanawe. Kijana wa ofisi akamwuliza kama ni misa ya wazima au ya marehemu. Mama alijibu haraka, ya wazima. Kisha akamgeukia binti, akitaka athibitishe.

"Ukasema nini?" nikamwuliza.

Kwenye simu nilisikia magari, na mtu anayetangaza bei ya sabuni.

"Sikusema kitu," akajibu. "Yule kijana alikuwa ameshafunga mlango wa ofisi, sisi bado tumesimama pale inje, ndani ya mvua."