Ekzosi ya Kushoto na Karafuu za Bi Asha

Leo nimetukanwa karakanani kwangu kwa ujinga wa mtu mwengine.

Jamaa katoka Omani na gari la kimarekani. Anataka ekzosi itokee ubavuni, kwenye madigadi ya mbele kushoto.

"Kaka, weka kulia," nikamwambia.

"We fundi wa hapa Chake wajua nini? Omani waweka kushoto!"

Omani wanaendesha upande wa kulia, bwana! Huku kwetu twaendesha kushoto, na kushoto ndiko kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara.

Haya, nikamchomelea huko huko kushoto.

Kafika kwao, kapiga resi, ekzosi ikazipeperusha karafuu za mamake zote mtaroni. Karudi kunifokea mimi!

Mamake, Bi Asha, kamfuata na pakacha:

"Muache fundi. Kaokote, moja moja."

Mpaka sasa kainama mtaroni. Nishapita mara mbili kumtazama.

Piteni na nyie.