Mkono Uliobaki Nyuma

Mwalimu wetu wa kunyanyua vyuma alinikata suruali mbele ya watu kumi na wawili. Ilikuwa suruali ndefu ya mtumba, na niliivaa kila siku hata jua la Dodoma likiwaka namna gani. Wenzangu walidhani ni heshima ya kazi, maana nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali. Mwalimu hakudhani hivyo. Alinishika mkanda, akachukua mkasi wa kukatia mipira, akakata juu ya goti, mguu mmoja kisha wa pili. Halafu akaniamuru nipande juu ya benchi.

"Mtazameni," alisema. "Juu simba, chini korongo."

Walicheka mpaka mwenye mashine ya kusaga, ambaye tulifanyia mazoezi nyuma ya ukuta wake, akaja kuchungulia akiwa na unga kwenye nyusi. Naye akacheka. Nilikuwa nimesukuma chuma kwa kifua miaka miwili, kwa sababu kifua kinaonekana hata ndani ya shati. Vigimbi sikuwa navyo kabisa. Miguu yangu ilishuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo kama mipini ya jembe.

Mwalimu alikuwa fundi wa karakana. Karakana ilipouzwa alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, akaondoka na mkokoteni mzima wa vyuma chakavu: magurudumu ya gia, mihimili ya malori, nondo. Miaka ile maduka yalijaa sabuni na redio, na vibaraza vikajaa wanaume wasio na pa kwenda asubuhi. Yeye hakukaa kibarazani. Alitia gia kwenye nondo, akamwaga saruji kwenye makopo ya rangi, akatukusanya. Alitufundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua baadaye, na sikumbuki siku aliyotuambia neno jema.

"Kiungo kilicholala ndicho kinachoamshwa kwanza," alikuwa akisema. "Wewe ukifika hapa na nguvu zako unakimbilia kifua. Miguu unaipa makombo. Itakua kwa makombo?"

Basi akanikataza kifua kwa miezi mitatu. Nilianza na vigimbi nikiwa bado na nguvu, siku tatu kwa wiki. Nilisimama kwa vidole ukingoni mwa tofali, nikashusha visigino mpaka nyama ivutike, nikapanda juu kabisa na kukaa hapo kwa hesabu ya tatu. Kisha niliinama na kushika benchi, mtu akanipanda mgongoni kama anayepanda punda, nikaendelea kupanda na kushuka.

Aliyenipanda mgongoni alikuwa Mrangi mmoja wa milima ya Kondoa, muuza vitambaa sokoni, wa rika langu. Ndiye pekee ambaye hakucheka siku ya mkasi. Alinihesabia kwa sauti ya chini. "Mbili tu zimebaki, kaka." Hazikuwa mbili, zilikuwa tano, lakini kila mara nilimwamini, na kila mara nilizimaliza.

Yeye naye alikuwa na kiungo chake. Mkono wa kulia ulijaa vizuri, wa kushoto ulikuwa mwembamba kama wa mtu aliyetoka kuugua. Siku moja tukinawa aliniambia sababu. Alianguka kutoka juu ya paa akiwa mtoto, akavunjika kiwiko, akaungwa nyumbani, na mfupa haukukaa sawa.

"Usimwambie mwalimu," alinisihi. "Ataniondoa."

Sikumwambia. Na mwalimu, kwa kutojua, akampa dawa yake. Alisema mkono wa kulia unaiba kazi ya wa kushoto, kwa hiyo ufungwe. Tangu aingie uani mpaka atoke, mkono wa kulia ukae umefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na kila kitu akifanye kwa kushoto. Kazi ya kufunga nilipewa mimi.

Jumamosi mke wa mwalimu alituletea ugali wa mtama na mlenda. Jumamosi ya kwanza rafiki yangu alinisogezea kiuno ili nimfungue ale.

"Amevuka mlango huyo?" mwalimu aliuliza.

"Bado, mwalimu."

"Basi kamba ikae."

Rafiki yangu alikuwa Mwislamu aliyelelewa vizuri, na mkono wa kushoto hakuutia kinywani. Alikaa na sisi kwenye mduara, akatazama sinia. Ningeweza kumkatia tonge. Niliyekaa naye bega kwa bega nilikuwa mimi. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Kula basi, bwana. Au unangoja mlenda ukulishe wenyewe?"

Walicheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu suruali yangu ikatwe wao kucheka bila kunicheka mimi, na nilisikia raha mwilini kama mtu aliyetua mzigo. Jumamosi iliyofuata nikasema tena. Yeye alitabasamu, akatazama chini. Jumatatu alinipanda mgongoni kama kawaida na kunihesabia.

Miezi mitatu ilipokwisha mwalimu alikuja na futi ya fundi cherehani. Palikuwa na mashindano ya watunisha misuli, na kila kikundi kilitakiwa kupeleka mtu mmoja. Alinipima mimi kwanza. Vigimbi vilikuwa vimekuja. Nilikuwa nikivitazama kila siku kwenye kioo cha dirisha la ofisi wakubwa wakiwa kikaoni. Kisha akampima mwenzangu, mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena. Akatupa futi begani.

"Atakwenda huyu," alisema. Akanigeukia. "Wewe umesogea. Yeye amefika."

Wenzetu walimpongeza. Mimi pia nilimpongeza, nikamshika ule mkono wa kushoto na kuuinua juu.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwenye zoezi la kusukuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Mwalimu alikuwa ameagiza nimwekee uzito ule ule wa wiki iliyopita, kisha akaenda mlangoni kuzungumza na mwenye mashine. Nilimfunga mkono wa kulia. Nikatia gia kwenye nondo fupi, mbili huku, mbili huku. Kisha nikaongeza moja kila upande. Nilijua habari ya kiwiko. Nilikuwa mtu pekee pale uani aliyeijua.

Aliinua mpaka begani. Akasukuma. Mkono ulinyooka karibu wote, halafu kiwiko kikaenda upande ambao kiwiko hakiendi. Nondo ilimpitia nyuma. Hakupiga kelele kubwa. Alitoa mlio mfupi, akapiga magoti, na kwa kuwa wa kulia ulikuwa umefungwa hakuwa na mkono wa kuushika ule ulioumia.

Mwalimu alikuja mbio, akahesabu gia.

"Nani ameweka hizi?"

"Ameongeza mwenyewe," nilisema.

Rafiki yangu alikuwa pale chini, uso kwenye vumbi, hatua moja kutoka miguuni pangu. Alisikia.

Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea mahindi. Mashindanoni nilikwenda mimi, nimepakwa mafuta ya alizeti, na nilipogeuza mgongo na kupanda juu ya vidole ukumbi ulishangilia. Nilishika nafasi ya pili, nikapewa blanketi. Mwalimu alilitazama, akasema, "Yule angeshinda." Hospitali nilifika siku moja tu, mpaka mlango wa wodi. Nilimwona anajaribu kufunga kifungo cha shati. Nikarudi kazini.

Miaka minne baadaye nilipelekwa Kondoa na gari la ofisi, kupeleka barua. Niliuliza nyumba yao, nikaonyeshwa. Mama yake alikuwa barazani anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Nilipojitambulisha aliacha ungo. "Kumbe ndiye wewe! Anakutaja. Mwenzio tulimlaumu sana. Tamaa gani ile ya kujiongezea chuma mwenyewe?"

Rafiki yangu alitoka ndani. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika moja kwa moja, kama wa mtu aliyebana mkoba kwapani. Alifurahi kuniona; hakuigiza. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akiniuliza habari za mji, za ofisi, za mwalimu. Tulipofika nikashindwa kuvumilia.

"Mama anasema uliongeza mwenyewe."

"Ndivyo ulivyosema wewe."

"Unajua sivyo."

"Najua. Nilikuwa nakutazama ukiziweka."

"Sasa kwa nini uliinua?"

Alifikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Ulikuwa unakijua kiwiko changu kuliko mtu yeyote," alisema. "Nikasema, kama huyu ameongeza, basi ameona naweza."

Dereva alipiga honi. Nilipanda mbele, nikafunga mlango.