Zubeda za Siyu

Niliondoka Mombasa kwa hasira. Karakana yetu ya makubadhi ya ngozi iliasisiwa na marehemu mama yangu, Zubeda, na jina lake tukalisajili kuwa alama ya biashara. Sasa mfanyabiashara mmoja anataka lifutwe, ati zubeda limekuwa neno la kila mtu, kama kofia au kanzu! Wakili akanipa karatasi ya kiapo, akaniambia nitafute fundi wa ngozi atakayeapa kwamba Zubeda kwake ni kazi yetu peke yetu. Nikaona ni jambo dogo. Mafundi wako Siyu, na Siyu nina mwenyeji.

Jumanne mchana nilifika Lamu. Mtaa wa Mkomani niliingia duka la viatu nikauliza kama wana Zubeda.

"Za plastiki au za ngozi?" akauliza muuzaji.

Za plastiki! Nilitoka bila kuaga, na hadi leo naona haya.

Jumatano tulingoja maji yajae ndipo boti ikapenya kwenye mikoko hadi Siyu. Bwana Shee, fundi aliyewahi kushirikiana na mama kununua ngozi, alikuwa barazani akishona.

"Ndoo, Bi Saumu, ndoo!" akaniita nisogee, kwa lahaja ya kwao. "Ndia ni ndefu. Umekuja wakati mzuri, binti yangu anaolewa Ijumaa."

Ndani, mkewe Bi Amina alikuwa akihakiki sanduku la bibi harusi kwa karatasi: kanga, udi, marashi, zubeda pea moja. Nikadakia:

"Hizo zubeda ni za nani?"

"Za mume wangu. Hapa binti wa fundi hatoki kwao bila zubeda za mkono wa babake."

Nikawaeleza kilichonileta. Bi Amina akaiweka karatasi chini. "Ala! Kumbe Zubeda ni mtu?"

"Ni mama yangu," nikasema, na machozi yakanitoka.

Hata Bwana Shee hakujua. Yeye alimwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo adabu. Alinihurumia mno. "Lete hiyo karatasi ya wakili nitie sahihi. Hutatoka kwangu mikono mitupu."

Kalamu alikuwa ameshaishika. Siwafichi, nilitamani. Lakini mtu ale yamini ya uongo kwa ajili yangu, tena kwenye harusi ya bintiye? Nikamnyang'anya kalamu.

Ijumaa, bibi harusi alipovishwa makubadhi yale, Bi Amina aliwasimulia wanawake wenzake Zubeda alikuwa nani. Chumba kizima kikainua mikono, akasomewa Fatiha.

Jumapili nilirudi nyumbani. Wakili akauliza, "Nyinyi wenyewe makubadhi yenu mliyaitaje?" Nikakumbuka kibao chetu cha mlangoni: Zubeda za kila rangi zapatikana hapa. Tungeandika makubadhi ya Zubeda, akasema, jina lingebaki jina. Kumbe watu tuliwafundisha sisi wenyewe. Baada ya miezi kadhaa likafutwa.

Kaka zangu walinijia juu. Kwa nini sikumwacha mzee atie sahihi? Jina la mama limepotea kwa sababu yangu!

Nikawaambia habari ya chumba kile cha Siyu, kisha nikawauliza sisi mara ya mwisho tulimsomea mama Fatiha lini.